Maharagwe ya plotini: kuvuna kwenye baridi ya Julai, kukausha, kuweka na kuyapika yaive

PlotiUtawala

Hamjambo wadau. Nina maharagwe ya aina ya rosecoco na mwitemania kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia hapa Utawala, Nairobi, yalipandwa wiki ya mwisho ya Machi. Maganda mengi yamegeuka manjano, mengine yamekauka kabisa, na machache bado ni ya kijani. Shida ni hali ya hewa: mawingu asubuhi hadi jioni, manyunyu kila baada ya siku mbili, jua linaonekana saa moja kisha linapotea. Natarajia kilo 60 hivi.

Naomba msaada kwa haya:

1. Nivune sasa au ningoje yote yakauke shambani?
2. Nitakausha vipi bila jua?
3. Nitaweka vipi yasiliwe na fukusi? Ni chakula cha nyumbani, kwa hivyo sitaki dawa ya unga.
4. Ya msimu uliopita yalikaa kwenye gunia la kawaida ndani ya stoo ya mabati. Nusu yalitobolewa, na yaliyobaki yanakaa motoni saa nne bila kulainika. Tatizo ni mbegu, maji au nini?

---

FundiGhala

Ndugu, vuna. Usingoje ganda la mwisho.

Maharagwe yako tayari majani yakishakuwa manjano na mengi yakiwa yamedondoka, na katika kila maganda kumi, manane hivi yakiwa yamepoteza ukijani. Fungua ganda moja la manjano uangalie punje. Ikiwa imepata rangi yake kamili, yaani rosecoco imeshika mabaka yake mekundu na mwitemania madoadoa yake, na ukucha unaacha alama ndogo tu, basi punje hiyo haipokei tena chakula kutoka kwa mmea. Kilichobaki ni kupoteza maji, na hiyo ni kazi inayoweza kufanyika barazani. Ukingoja ndani ya manyunyu, maganda ya chini yanayogusa udongo yataota ukungu na punje zitachipua humo humo, maganda ya juu yaliyokauka yatapasuka na kumwaga, na fukusi wataendelea kutaga. Watu wengi hudhani fukusi huingia ghalani. Yule anayesumbua sana huku kwenye baridi hutaga mayai shambani, kwenye nyufa za maganda yanayokauka. Kila wiki unayochelewa unabeba wadudu wengi zaidi nyumbani.

Kata, using'oe. Pitisha mundu sentimita mbili au tatu juu ya udongo. Mmea uking'olewa huja na udongo kwenye mizizi, na hayo ndiyo mawe utakayochambua kwenye ungo hadi Desemba. Fanya kazi hiyo asubuhi, umande ukiwa umebaki kidogo na maganda hayapasuki ovyo, lakini usikate siku ya manyunyu. Hapo hapo shambani gawa mafungu matatu: makavu, manjano na ya kijani. Ukiyachanganya, ya kijani yatalowesha makavu na lundo zima litapata joto na ukungu ndani ya siku mbili.

Sasa kukausha, ambako ndiko wengi wa Nairobi hukosea mwezi huu. Funga matita membamba, unene wa mkono wako, uyaning'inize juu chini kwenye kamba barazani au chini ya paa lolote lenye upepo. Acha nafasi ya kiganja kati ya tita na tita. Unachohitaji zaidi ni hewa inayopita, jua ni nyongeza. Katika baridi hii tegemea siku 7 hadi 14. Usiyatandaze kwenye sakafu ya saruji hata kama ina turubai: usiku sakafu hupoa, unyevu hujikusanya chini ya turubai, na asubuhi unaanza upya. Kama huna mahali pa kuning'iniza, jenga kichanja cha miti kimo cha kiuno, juu yake wavu wa kuku, juu ya wavu gunia lililofumwa kwa mianya. Unaweza kukifunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, lakini iachwe wazi pande zote mbili. Ukiifunga unapika, haukaushi.

Maganda yakianza kulia ukiyashika, pura. Yatie ndani ya gunia nusu, funga mdomo, piga kwa fimbo ukiligeuza. Usipige kwa nguvu za hasira. Punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu, na haifai kwa mbegu. Ikiwa punje zinabonyea badala ya kulia, bado zina maji mengi, rudisha kwenye kamba siku tatu.

Baada ya kupepeta kuna ukausho wa pili, wa punje zenyewe, na watu wengi huuruka. Tandaza unene usiozidi vidole viwili, geuza kila saa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Saa kumi yawe yameshakusanywa na kufunikwa, kwa sababu hewa ya jioni huyarudishia unyevu. Siku nne au tano za jua hafifu zinatosha. Usikaushe juu ya jiko la makaa: ngozi hupasuka na punje ya mbegu hufa.

Lengo ni unyevu wa asilimia 12 hadi 13. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu (ikaange kidogo kwanza ikiwa imeshika maji), ongeza maharagwe hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudi juani. Ikianguka chini yote, uko chini ya 15, lakini kwa chombo kisichopitisha hewa ongeza siku mbili za jua juu ya hapo. Kung'ata pia husaidia: punje kavu huvunjika kwa mlio, punje mbichi hubonyea chini ya jino.

---

JikoniKasarani

Nikichangia la maganda ya kijani pekee: hayo yenye punje zilizojaa lakini laini usiyakaushe kabisa, yatasinyaa na kuwa makunyanzi. Bambua na upike mabichi. Yanaiva dakika 30 hadi 45 bila kuloweka, na kwa githeri ya mahindi mabichi hakuna kinachoyapita, kwa sababu vyote viwili huiva pamoja.

Yakizidi, weka kwenye friza. Chemsha maji mengi, tia punje, hesabu dakika 4 tangu maji yanapochemka tena, toa uzitumbukize kwenye maji baridi sana dakika 4 nyingine, chuja hadi zikauke, funga mafungu ya mlo mmoja. Vitabu vya pwani na nchi za chini huandika dakika 3. Hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hivyo ongeza moja. Hatua hiyo haiivishi maharagwe. Ukiyatoa friza yapike kama mabichi.

---

MlinziWaPunje

Ndugu PlotiUtawala, la fukusi linaeleweka ukijua maisha yake. Yule anayetaga shambani hagandishi mayai kwenye punje. Mayai hudondoka katikati ya punje, kisha kiluwiluwi hutembea kutafuta pa kutoboa. Akishaingia huoni kitu. Anakula ndani kwa wiki kadhaa, haraka penye joto na polepole penye baridi, kisha unaona kidirisha cha duara kwenye ngozi, na siku chache baadaye tundu. Mdudu mzima hahitaji hata kula. Anatoka, anapandana, anataga tena. Ndiyo maana gunia linaonekana safi mwezi wa kwanza na kuwa unga mwezi wa tatu.

Dawa yake bila sumu ni kumnyima hewa. Njia mbili zinakufaa.

Ya kwanza ni mifuko ya tabaka tatu, mingi inajulikana kama PICS, inapatikana kwa agroveti. Ndani ina nailoni mbili nene, nje gunia la kawaida. Kabla ya kujaza, puliza kila nailoni hewa, songa mdomo wake, bonyeza usikilize kama inavuja. Jaza ya ndani kidogo kidogo ukiitikisa, usiache mfuko wa hewa pembeni. Kamua hewa ya juu, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba au mpira. Fanya vivyo hivyo kwa nailoni ya pili, kisha gunia. Wadudu waliomo wanapumua oksijeni iliyobaki hadi inakwisha, na hapo wanaacha kula na kutaga, kisha wanakufa. Kosa linaloharibu yote ni kufungua kila siku kuchota kikombe. Kila ukifungua unawapa pumzi.

Kwa hiyo kwa kilo 60 za nyumbani mimi nachagua ya pili: jerikeni. Lita 20 hubeba kilo 15 au 16, yaani jerikeni nne. Tumia za mafuta ya kupikia tu, zilizooshwa kwa sabuni na maji moto na kukaushwa mdomo ukiangalia chini siku mbili kamili. Ile iliyowahi kubeba dawa ya shamba, rangi au mafuta ya taa haifai kwa chakula, hata uioshe mara ngapi. Pima kifuniko: funga jerikeni tupu, izamishe kwenye beseni la maji, uikandamize. Ukiona viputo, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko au tafuta nyingine. Jaza hadi mdomoni ukigongagonga chini ili punje zijipange. Jerikeni nusu tupu ina hewa ya kuwatosha fukusi kuzaa kizazi kizima. Usiifungue kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo fungua moja, uhamishie kwenye chupa za lita 2 (kila moja hubeba kilo moja na nusu) zifungwe vizuri, utumie chupa moja moja.

Ukiwa na friza yenye nafasi, mifuko ya kilo moja ikae nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 7. Hiyo huua yai, kiluwiluwi na mdudu mzima. Ukitoa, usifungue mfuko hadi urudi kwenye joto la nyumba, la sivyo umande utaganda kwenye punje na kazi yote ya kukausha imepotea.

Mafuta ya kupikia pia hufanya kazi kwa kiasi kidogo: kijiko kimoja cha chai kwa kilo, uchanganye mpaka kila punje ing'ae. Huziba mayai yasipumue. Majivu yaliyochekechwa husaidia, lakini yanahitajika mengi sana, karibu ujazo sawa na maharagwe, na ile konzi moja watu wanayonyunyiza juu ya gunia haizuii lolote. Na kama una chombo kisichoziba vizuri, kibiringishe mizunguko michache asubuhi, mchana na jioni. Kiluwiluwi mchanga hujiegemeza kwenye punje ya jirani ndipo apate nguvu ya kutoboa, na punje zikihama kila mara hapati egemeo, anakufa kwa uchovu na njaa.

---

PlotiUtawala

Asante sana, nimekata leo na matita yako barazani. La jerikeni nimelichukua. Bado la nne: yale ya zamani yasiyoiva. Jirani ananiambia nitie magadi tu.

---

JikoniKasarani

Kwanza tofautisha shida mbili, kwa sababu dawa zake si moja. Loweka kikombe kimoja kwa muda wa saa 12. Punje zilizobaki ndogo na ngumu kama zilivyokuwa, hazikuvimba, ngozi yake imekataa maji. Hizo zilikaushwa kupita kiasi au kwa joto kali. Zichemshe dakika mbili, zima moto, ziache saa moja, nyingi zitafunguka. Lakini kama zimevimba vizuri na bado haziivi, hilo ni jambo jingine: ni uzee wa joto na unyevu.

Na stoo yako ya mabati inaeleza kila kitu. Mchana mabati hupika hewa ya ndani, usiku hutoa jasho. Katika hali hiyo, kalsiamu na magnesi zilizokuwa zimefungwa ndani ya punje huachiliwa, zinahamia kwenye gundi inayoshikanisha seli, na gundi hiyo inakuwa ngumu isiyoyeyuka kwa maji ya moto. Hakuna mbegu mbaya hapo, na huwezi kuyarudisha yawe mapya. Unaweza kuyasaidia tu. Ya mwaka huu yaweke ndani ya nyumba, chumba kilicho baridi zaidi, chini ya kitanda kuliko juu ya kabati la jikoni, juu ya mbao na mbali na ukuta.

Kwa yale ya zamani: kwa nusu kilo, maji lita 2, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha baking soda. Loweka usiku kucha, mwaga maji, suuza mara mbili. Wengi wanaogopa chumvi wakiamini inayafanya kuwa magumu, lakini kwenye kuloweka inafanya kinyume, kwa kuwa sodiamu huchukua nafasi ya ile kalsiamu kwenye ngozi. Kisha sufuria ya presha, maji yafunike punje kwa vidole viwili na yasipite nusu ya sufuria, dakika 25 hadi 30 tangu presha ishike. Mapya yaliyolowekwa yanataka 15 hadi 20. Kwa mwinuko wetu presha si anasa. Sufuria ya kawaida haiwezi kupita zile nyuzi 95, na ndiyo maana maharagwe yale yale huiva upesi Mombasa.

Kwa sufuria ya kawaida, mapya: maji mapya lita 2, moto mkali yachemke kwa nguvu dakika 30, kisha punguza yatokote polepole dakika 45 hadi 75. Yakipungua ongeza maji ya moto, baridi hukatiza mchemko. Hizo dakika 30 za mwanzo si za kupunguza, hasa kwa maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu. Mchemko mkali huimaliza, moto hafifu hauimalizi. Kwa hivyo anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto au jiko la umeme la moto mdogo achemshe kwanza dakika zote 30, ndipo ahamishe.

Nyanya, ndimu na ukwaju ziingie mwisho, punje ikishapondeka kwa vidole viwili. Uchachu huzuia ile gundi kuyeyuka, na sufuria nyingi za madondo yasiyoiva ziliharibiwa na nyanya iliyotiwa mapema. Kaanga vitunguu viwili hadi viwe rangi ya dhahabu, saumu, nyanya tatu zikauke mafuta yajitenge, hoho, kisha maharagwe na maji yake. Ponda upawa mmoja kando ya sufuria urudishe: mchuzi unakuwa mzito bila unga wowote. Dhania ukishazima moto.

Ukipika kilo moja kavu unapata karibu kilo mbili na robo. Gawa, poza ndani ya saa mbili, siku tatu kwenye friji, mengine friza pamoja na maji yake kidogo yasikauke.

---

MlinziWaPunje

Kuhusu magadi, napingana na jirani. Yanalainisha, hilo ni kweli, lakini watu huyatia kwa kukisia, nayo huua vitamini B1, hugeuza maharagwe kuwa uji wenye ladha ya sabuni, na mawe ya magadi huja na floraidi. Kwa nyumba yenye watoto ambao meno yao bado yanaota, na inayotumia maji ya kisima ambayo mara nyingi huku kwetu yana floraidi tayari, hakuna sababu ya kuongeza. Ile nusu kijiko ya dada Jikoni inatiwa kwenye maji ya kuloweka kisha yanamwagwa. Ni tofauti kubwa na kuitia kwenye chungu.

---

FundiGhala

Sawa, ingawa munyu wa kienyeji, ule wa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, watu wa magharibi mwa Kenya wameupikia vizazi na vizazi. Hata huo ni vijiko viwili vitatu kwa sufuria, haumwagwi kikombe.

Ndugu PlotiUtawala, kabla hujapura, tenga mbegu. Rosecoco na mwitemania hujichavusha zenyewe, kwa hivyo zitazaa kama mama yake hata zikiwa mstari kwa mstari. Chukua maganda kwenye mimea iliyokuwa na majani safi tangu mwanzo. Ile iliyokuwa na majani yaliyojikunja yenye mabaka ya kijani hafifu ilikuwa na virusi, na maganda yenye vidonda vya kahawia vilivyobonyea yana ugonjwa wa kuvu; yote mawili husafiri ndani ya mbegu. Bambua kwa mkono, usizipure, kaushia kivulini. Ploti yako inataka kilo 3 hadi 4. Weka kwenye chupa yake, andika aina na mwezi.

---

PlotiUtawala

Swali la mwisho. Mbegu za ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa hazitakufa kabla ya mvua za Oktoba?

---

FundiGhala

Zikiwa kavu chini ya asilimia 13, haziwezi kufa kwa miezi mitatu. Zinazokufa ni zile zilizofungwa na unyevu. Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu punje 20, zifunge ndani ya kitambaa kibichi, uweke mahali pa joto, ukilowesha kila siku. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikiwa 17 au zaidi, panda mbili kwa shimo. Zikiwa 12 hadi 16, panda tatu. Chini ya hapo nunua mbegu nyingine, na hizo uzipike.